Wivu Si Kipimo cha Upendo

Juma hili nataka kubishana na usemi mmoja unaopendwa mno na vijana wetu wa vyuo vikuu, nasi wazee, kwa aibu yetu, huurudia: kwamba asiyeona wivu hapendi.

Kwa kisingizio cha usemi huo, binti hutakiwa kutoa nywila ya simu yake. Usiku hupigiwa simu ya video aonyeshe chumba chote cha bweni, ithibitike kwamba yuko peke yake. Hukatazwa kundi la kujisomea kwa kuwa lina wavulana. Akilalamikia tusi la jana, huambiwa halikutamkwa, ameliota. Akitaka kuondoka, huambiwa: "Ukiniacha, nitajiua." Wapo pia wavulana wanaotendewa hivyo, nao hunyamaza wakiogopa kuchekwa.

Je, huo ni upendo? La hasha! Hilo ni gereza, na mfungwa wake hutakiwa ashukuru. Mtume Paulo alipowaeleza Wakorintho sifa za upendo, hakutaja popote haki ya kumpeleleza mpendwa.

Watasema: "Lakini hajampiga." Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 dhidi ya ukatili wa majumbani imekwisha kuijibu hoja hiyo. Unyanyasaji wa kihisia na wa kisaikolojia imeutaja kuwa ukatili, wala haikuwaacha nje wachumba ambao hawajafunga ndoa.

Watasema tena: "Amemgharamia." Aprili 2019, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi alipouawa kwa shoka mjini Eldoret, wapo ambao hawakumlaani muuaji kwanza, bali waliuliza marehemu alikuwa amekula fedha zake kiasi gani. Huko ndiko fikra hii inakotupeleka: nauli na vocha zikihesabiwa kuwa bei, mtu hugeuka mali, na mwenye mali hudhani anaweza kuiharibu apendavyo.

Wanangu, anayewatenga na rafiki na ndugu zenu hawapendi. Semeni mapema, kwa mama, kwa rafiki, kwa mshauri wa wanafunzi. Anayetishia kujiua, waarifuni jamaa zake, apelekwe kwa wataalamu. Maisha yenu si dawa yake.

Nasi wazazi na wachungaji, kijana akituambia kwamba anamwogopa mchumba wake, tusimjibu avumilie. Uvumilivu ni fadhila ya mtu huru. Aliyetiwa hofu hana budi kwanza kufunguliwa.