Ng'ombe wote si 46

Leo tuweke seva na simu kando kidogo, tuzungumze kuhusu ng'ombe. Msicheke, kuna programu ndani yake.

Mnyama anayecheua ana tumbo la kwanza, kubwa kama pipa, lililojaa vijidudu vinavyochachusha nyasi. Kazi hiyo huzaa gesi ya methani. Wengi hudhani hutokea nyuma, kumbe sehemu kubwa kabisa hutoka mdomoni, kwa mbweu. Methani hukaa hewani kama miaka 12 tu, lakini ukiipima kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto takriban mara 80 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Ndiyo maana inawindwa: ukiipunguza leo, matokeo unayaona ungali hai.

Kila mtu anauliza tutaipunguza vipi. Mimi nasema hapa Kenya tuanze na tunaihesabu vipi.

IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lilitoa mwongozo mwaka 2006 wenye jedwali la nchi zisizo na vipimo vyake. Ng'ombe wa maziwa wa Afrika amepewa kilo 46 za methani kwa mwaka. Wa Amerika Kaskazini, kilo 128. Kwa haraka unaweza kusema sisi ni malaika. Lakini jedwali hilo hilo linasema wa kwao hutoa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka na wa kwetu 475. Gawanya mwenyewe: wao ni kama gramu 15 za methani kwa kilo ya maziwa, sisi ni karibu gramu 97. Zaidi ya mara sita!

Sababu yake mtu wa kompyuta ataielewa mara moja. Seva isiyo na wateja bado inakula umeme. Ng'ombe naye hula kwanza ili aishi tu, apumue na kutembea, na chakula hicho kinatoa methani hata kama hajatoa tone la maziwa. Akilishwa vizuri, gharama hiyo inagawanywa kwa lita nyingi. Kwa kichwa kimoja methani itaongezeka kidogo, ndiyo, maana anakula zaidi. Kwa kila lita inashuka sana.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mteja mmoja alinitaka nimwandikie programu ya mradi wa kuuza hewa ya kaboni kwa wafugaji wadogo. Fomula aliyoniletea ilikuwa fupi kuliko mstari huu: idadi ya ng'ombe mara 46. Basi.

Fikiria mama mwenye ng'ombe wawili. Mwaka huu wanampa lita nne kwa siku. Anapanda brakiaria na desmodiamu, anatengeneza sileji ya kiangazi, anachanja ndigana, na mwaka ujao anapata lita kumi. Programu itasema nini? Kilo 92 mwaka huu, kilo 92 mwaka ujao. Jasho lake lote halionekani. Njia pekee ya kuishusha namba hiyo ni kuuza ng'ombe mmoja. Fomula ya namna hiyo inamwambia mkulima maskini kwamba dawa ya tabianchi ni yeye kuwa maskini zaidi.

Na si kwamba hakuna njia bora. Marekebisho ya IPCC ya 2019 yalibadilisha namba hizo na kutenganisha mifugo yenye tija kubwa na ndogo. Kenya yenyewe ilishafanya hesabu ya kina ya ng'ombe wa maziwa, ya kuanzia 1995 hadi 2017, inayotumia uzito, chakula na maziwa. Pale ILRI, Nairobi, kuna kituo cha Mazingira chenye vyumba ambamo ng'ombe hufungiwa na hewa inayoingia na kutoka ikapimwa. Watafiti walikwenda hadi Nyando kupima ng'ombe wa wanakijiji. Tuna wanasayansi, tunachokosa ni watu wa programu wanaowasoma.

Huko Ulaya wana unga uitwao Bovaer, ulioidhinishwa 2022, unaopunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa takriban asilimia 30 ukichanganywa na chakula. Mwani mwekundu umefanya vizuri zaidi kwenye majaribio. Sawa, lakini unga huo unataka ng'ombe anayekula chakula kilichochanganywa kila siku. Wa kwetu anayechungwa kando ya barabara utamchanganyia wapi? Kwetu faida ya karibu iko kwenye lishe, chanjo na A.I. (mkulima wa Kiambu akitaja A.I. haongelei akili bandia, anaongelea mbegu ya fahali).

Nilimwambia mteja tuongeze sehemu tatu tu kwenye hifadhidata: mzingo wa kifua kwa utepe, ambao hukadiria uzito, lita kwa siku, na tarehe ya kuzaa. Yote yanaingia kwenye simu ya kubonyeza, na watu wetu wanajaza menyu za simu tangu M-Pesa ianze 2007. Alisema itachelewesha mradi. Kazi hiyo nikaiacha.

Naomba pia msiichukue lita na kuipeleka Marsabit au Turkana kama fimbo. Kule ng'ombe ni benki, ni mahari, ni chakula cha njaa. Kwao mimi ningehesabu vifo. Ng'ombe aliyecheua miaka mitano kisha akafa kiangazi ametoa methani yote bila kufika sokoni wala kwenye chungu, na ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini. Mwaka 2010 ilianzishwa Marsabit bima inayotumia setilaiti: picha zikionyesha malisho yamekauka kupita kiasi, mfugaji analipwa. Siku hizi lengo ni alipwe mapema anunue nyasi, mnyama akiwa bado amesimama. Hakuna anayeiita bima hiyo teknolojia ya methani. Mimi naiita hivyo.