Nambari ya simu si ufunguo

Wandugu, leo nataka kugombana kidogo na watu wa kazi yangu. Mimi huandika programu, ndiyo riziki yangu, na kila ikisikika kwamba programu fulani ya kupiga gumzo ina tundu, wenzangu husema neno lile lile: watumiaji ni wazembe, wanapeana siri zao ovyo. Hapana! Mara nyingi mlango tumeuacha wazi sisi wenyewe, kisha tunamlaumu mwenye nyumba kwa kuibiwa.

Chukueni WhatsApp, maana ndiyo tunayoitumia sana hapa Kenya. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba kwenye simu za Android nenosiri la akaunti lilitokana na IMEI, ile nambari ya kifaa. Nambari hiyo imechapishwa hata kwenye katoni ya simu! Aliyekuwa nayo pamoja na nambari yako ya simu angeweza kuingia kama wewe. Hilo lilirekebishwa, na kufikia Aprili 2016 ujumbe ulikuwa unafungwa toka simu hadi simu, hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Kazi safi, sifa zao wapewe.

Lakini kuufunga ujumbe si sawa na kumficha mwenye ujumbe. Novemba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walieleza jinsi walivyoiuliza seva ya WhatsApp swali moja tu: je, nambari hii ina akaunti? Seva ikajibu. Wakauliza tena na tena, zaidi ya nambari milioni 100 kwa saa, na seva haikuwazuia. Wakapata akaunti bilioni 3.5, na zaidi ya nusu yazo zilikuwa na picha ambayo yeyote angeweza kuiona. Ujumbe hawakuusoma, data waliifuta, na kampuni ikaweka kizuizi. Ajabu ni kwamba onyo kama hilo lilitolewa tangu 2017.

Hebu tupige hesabu ya kwetu. Nambari ya simu ya mkononi ya Kenya, ukiondoa 254, ina tarakimu tisa, na ya kwanza ni 7 au 1. Zinazowezekana zote ni milioni 200. Kwa mwendo ule wa Vienna, nchi nzima inamalizika kwa saa mbili. Matatu iliyotoka Nairobi haijafika Nakuru.

Sasa tapeli ana nambari yako na sura yako. Akijifanya anakutumia pesa kwa M-Pesa, jina linajitokeza. Anakupigia akikuita kwa jina: "Samahani, kuna msimbo umekuja kwako kwa bahati mbaya, nisomee hizo tarakimu sita." Ukimsomea, akaunti imeenda, na shangazi yako anaombwa elfu mbili za haraka kwa jina lako. Huyo shangazi ni mzembe? Ujumbe umetoka kwako, na picha ni yako!

Dawa ipo. Tangu 2017 WhatsApp ina PIN ya pili ya kumzuia huyo tapeli. Lakini lazima uifuate mwenyewe ndani ya mipangilio. Mbona mtu asiulizwe siku ya kwanza anapojisajili? Nitasema ninavyoamini: kila hatua inayoongezwa hufukuza wateja wachache, na idadi ya wateja ndiyo wakubwa wanayoiangalia.

Msiniambie watu wanataka urahisi tu. Februari 2024 Signal ilianza kutumia majina ya kujichagulia, na nambari yako ikafichwa kwa asiyekuwa nayo. Bado unasajili kwa nambari, ni kweli, lakini mtu wa kikundini haioni. Kwa hivyo inawezekana.

Nasi tunaoandika programu za chama na sacco hapa nyumbani tusijifiche nyuma ya majina makubwa. Tunaomba orodha nzima ya nambari zilizo kwenye simu ya mtu, tunafanya msimbo wa SMS kuwa ufunguo pekee, halafu tunaita hiyo kazi imekwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inadai ulinzi uwekwe tangu kuundwa kwa mfumo, si baada ya watu kulia.

Basi mwenzangu, kabla hujatoa programu yako: usiombe nambari usiyoihitaji. Seva yako isimjibu kila anayebisha. PIN iwekwe siku ya kwanza. Picha ya mtu isionwe na mgeni mpaka mwenyewe aruhusu. Hiyo ni kazi ya wiki moja au mbili. Ukishindwa nayo, usimwite mtu mwingine mzembe.