Mungu Atalipa, na Serikali Ilipe

"Mungu atakulipa, mama." Hayo ndiyo malipo anayopewa mtu anayemlea mtoto mwenye ulemavu wa akili huku Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo. Anaambiwa na jirani, anaambiwa na mchungaji, anaambiwa hata na mheshimiwa aliyekuja kuomba kura. Mungu atalipa, sina shaka. Ila deni hili ni letu, na hatuna ruhusa ya kumwandikia Mungu.

Tazameni kazi yenyewe. Kijana ana miaka kumi na minne, mwili umeshakuwa mzito, lakini tonge kubwa linamkaba. Ugali wa mihogo unamegwa vidogovidogo, unalowekwa kwenye mchuzi, anashikwa kidevu, anangojewa ameze ndipo apewe tena. Mlo mmoja, saa nzima. Bado kumbeba, kumwogesha, kufua nguo zilizolowa, kukesha kifafa kikimshika. Kesho vilevile, Jumapili vilevile. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 imeweka saa 45 kwa wiki. Mlezi huyu anazimaliza kabla ya Alhamisi.

Na shamba halijilimi. Kuna mama anayemfunga mwanawe kamba mguuni asije akaelekea ziwani, ndipo achukue jembe. Wapita njia wanamlaani. Nawauliza: nani kati yenu alibaki na mtoto yule hata asubuhi moja? Kamba ameifunga mama, lakini tulioisokota ni sisi.

Msiniambie sheria hakuna. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 49, inataka mtu mwenye ulemavu alindwe kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya maadili. Ibara ya 36 inataka mfanyakazi alipwe kiasi cha kuishi kwa heshima, yeye na jamaa yake. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nzima ya kuwalinda wenye ulemavu. Karatasi zimejaa Kinshasa. Pesa ndiyo haifiki.

Wala msinijibu kwa vita. Risasi zikilia kila mtu anashika njia, na mlezi anashika njia akiwa na mtu mzima mgongoni. Kama vita ni sababu, basi ni sababu ya kumlipa kwanza.

Halafu kuna miradi. Semina ya siku tatu, fulana, picha, na binti wa hapa anaandikwa kuwa wa kujitolea. Analisha, anafundisha, anauguza, hana mkataba, hana namba ya matrikule, hana hata glavu. Mradi ukifungwa anabaki na fulana. Mtu mnayemtegemea kila siku, kisha mnamwita wa kujitolea, mnamwibia kwa adabu.

Ninachodai kinaeleweka. Nyumba moja Baraka na moja Fizi, ambapo mzazi atamwacha mtoto siku mbili, alale, alime, aende hospitali. Humo wawekwe wafanyakazi wenye mkataba, mshahara wa kila mwezi, zamu za usiku zinazopokezana, sabuni na glavu. Na mkaguzi wa kazi afike, asiletewe ripoti mezani.

Waheshimiwa wa Fizi, bajeti inapita mikononi mwenu. Mkiipitisha bila mstari wa nyumba hizo na wafanyakazi wake, tutayasoma majina yenu kijiji kwa kijiji kabla hamjaja kuomba kura.