Kilima cha Karibu Kinatosha

Na Furaha Mapendo

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikikaribia, vikundi vya kambi ya wakimbizi ya Nakivale huanza kuchangishana fedha za matembezi, na jina linalotangulia mdomoni ni Kabale, pamoja na ziwa lake Bunyonyi. Sina ugomvi na Kabale. Baridi yake, milima yake na mashamba yake ya ngazi ni vitu vya kuonwa na kila mtu. Tatizo ni hesabu. Kutoka Mbarara hadi Kabale ni kama kilomita 140. Ukiongeza kipande cha kutoka kambini, ambacho ni vumbi kabla ya kukuta lami, kwenda na kurudi kunakaribia kilomita 400. Kosta iliyojaa ikiondoka saa moja asubuhi na kusimama Ntungamo watu wanyooshe miguu, itafika karibu saa sita. Saa nane dereva ataanza kupiga honi. Mapumziko yote yatakuwa yamefanyika kwenye kiti.

Kwa siku moja, napendekeza Biharwe, kama kilomita 12 kutoka Mbarara kwenye barabara ya Kampala. Hapo pana kituo cha utamaduni cha Igongo na makumbusho yake, na juu ya kilima pana mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Mapokeo yanasimulia kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa ameteka ng'ombe wa Nkore; giza likashuka mchana, askari wake wakatawanyika na kuiacha mifugo. Kwa kuwa kupatwa kwa jua hupigiwa hesabu hata karne nyingi baadaye, wanahistoria wamelitumia tukio hilo kukadiria miaka ya wafalme ambao hakuna aliyewaandikia tarehe. Kijana apande kilima, mama mwenye mtoto mgongoni akae kivulini, mzee asikilize simulizi. Mchana utawatosha wote bila kukimbizana.

Ukaribu unarahisisha pia mambo yanayovunja safari zetu. Kikundi chenye Wakongo, Warundi na Wasomali hakiwezi kwenda Ijumaa bila kuwaacha Waislamu, Jumamosi bila kuwaacha Waadventista, wala Jumapili bila kwaya kulalamika. Zinabaki siku za katikati ya wiki, ambamo safari fupi hupenya kwa urahisi, na hizo nazo zichaguliwe mbali na siku za mgao wa msaada au uhakiki, maana alama ya kidole chako hakuna anayeweza kukuwekea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa haki ya kutembea, lakini inaruhusu pia mipaka yenye sababu. Kwa hiyo orodha ya majina ifike mapema kwa komandanti wa kambi, na kila mtu abebe kadi yake. Chakula kiwe chapati, mayai na gonja, ambavyo havimbagui mtu wa dini yoyote, baada ya kuuliza kama wenyeji wa Igongo wanaruhusu kula chakula cha kubeba.

Wapo watakaosema kwamba tangu mgao uanze kupunguzwa, na wengine kuondolewa kabisa, kuchangia matembezi ni anasa. Hoja hii ni nzito, na mwenye deni dukani asilazimishwe kuchanga. Lakini ndiyo inayoongeza sababu ya kwenda karibu: mafuta ndiyo gharama kubwa, na Biharwe inahitaji chini ya nusu ya yale ya Kabale. Tena jirani anayekutana na jirani kwenye foleni na misibani tu hapati nafasi ya kumfahamu. Wengine watasema vijana wanataka picha za Bunyonyi. Wana haki, ila safari hiyo ni ya kulala, yenye akiba yake na muda wake. Kuibana ndani ya siku moja ni kuwauzia vijana uchovu.

Basi mkutano wa kwanza wa maandalizi uanze na saa ya kurudi, ndipo mahali pachaguliwe. Wakazi wa kanda za kambi za Rubondo na Juru wanahitaji kuwa nyumbani kabla ya giza, hivyo gari liondoke Biharwe saa tisa na nusu. Likiwa limefika saa tatu asubuhi, kikundi kitakuwa kimekaa kilimani zaidi ya saa sita, mara tatu ya zile ambazo Kabale ingewapa.