Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kauli hii sasa imekuwa mzigo mabegani mwa wanaofanyia kazi nyumbani kupitia intaneti. Kila kampuni inapotangaza kupunguza wafanyakazi, hofu huwashika wao kwanza: mkubwa hawaoni, hawanywi naye chai, na jina lisilo na sura ni jepesi kufutwa. Ndiposa wengi wao hushauriwa warudi ofisini, wakaonekane.

Ushauri huo una kasoro. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Twitter, ikiwa mikononi mwa Elon Musk, iliwaachisha kazi takribani nusu ya wafanyakazi wake duniani. Wale wa Accra, Ghana, walikuwa wamefanyia kazi nyumbani kwa miezi mingi na ndio kwanza walikuwa wamefunguliwa ofisi. Walipigwa kalamu siku chache tu baada ya kuingia humo. Kuonekana hakukuwafaa kitu.

Kinachomkinga mfanyakazi ni mkataba. Nchini Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, amjulishe afisa wa leba, na alipe kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi. Katika kuteua wa kuondoka, sheria inataja muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka. Mahali anapoketi mtu hapatajwi kabisa.

La kutamausha ni kwamba wengi wa hao wa nyumbani hawaitwi wafanyakazi. Huitwa wakandarasi huru, ingawa uhuru wenyewe ni wa mwenye kampuni kuliko wao. Mnamo Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililowapa Wakenya kazi ya kuainisha data za kufunzia akili unde, lilifunga milango yake nchini. Waliojipatia riziki humo waliarifiwa kwa baruapepe. Kwa watu wa aina hiyo, kifungu cha 40 ni mvua inayonyesha katika shamba la jirani.

Suala hili limekwisha kubisha hodi katika idara za Kiswahili. Tafsiri, uhariri na unukuzi wa sauti ni kazi za kufanyiwa nyumbani, na aghalabu huja na mkataba mrefu wa Kiingereza ambao mhitimu huukubali kwa kubofya mara moja. Yeye aliyefunzwa kuhesabu mizani za kila mshororo hupita juu ya sentensi inayosema kuwa anaweza kuondolewa wakati wowote, pasi na sababu. Wahadhiri wa tafsiri wangefanya hisani kubwa kuleta mkataba mmoja wa aina hiyo darasani, na kuanza uchambuzi na neno moja tu: mkandarasi.