Wati si mwanga: neno moja linavyotupofusha barabarani

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka kwa sayansi, sidhani kuna lililopotoka maana njiani kama neno "wati". Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si fundi wa magari. Hata hivyo, neno likipotoka na upotofu huo ukahatarisha maisha ya watu, mwanaisimu hana budi kusema.

Yeyote apitaye katika maduka ya vipuri huku Kiuu, Ruiru, atamsikia mnunuzi wa balbu za taa za mbele akiuliza swali moja tu: "Ni za wati ngapi?" Muuzaji naye hujibu kwa fahari, "Hizi ni za mia, mzee. Zinamulika hadi Thika!" Biashara huishia hapo. Kwa wawili hao, wati ni mwanga, na wati nyingi ni mwanga mwingi.

Sivyo. Neno hili limetokana na jina la James Watt, mhandisi wa Uskoti aliyefariki mwaka wa 1819, nalo lilipendekezwa kuwa kipimo mwaka wa 1882. Wati hupima nguvu ambayo kifaa hutumia. Mwanga unaotoka katika balbu hupimwa kwa lumeni, neno la Kilatini lenye maana ya mwanga. Wati ni chakula anachokula ng'ombe. Lumeni ni maziwa. Nani asiyejua kwamba ng'ombe mlafi si lazima awe na maziwa mengi? Balbu ya halojeni ya aina ya H7 hutumia wati 55 na kutoa lumeni zipatazo 1,500. Taa ya zenoni ya aina ya D2S hutumia wati 35 tu, nayo hutoa takriban lumeni 3,200.

Tuchukue sasa balbu ya H4, iliyozagaa mno katika magari yetu. Kipimo chake cha kawaida ni wati 60 kwa mwanga wa mbali na 55 kwa mwanga wa karibu. Katika gari la volti 12, balbu mbili za wati 60 huvuta mkondo wa ampea 10. Ukizibadilisha kwa mbili za wati 100, mkondo hufikia karibu ampea 17. Na kwa kuwa joto katika waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya uleule sasa hupata joto karibu mara tatu. Soketi huyeyuka na ngozi ya waya hubabuka. Fyuzi, ambayo kazi yake ni kulinda, hukatika. Na wapo wanaoiondoa na kutia kipande cha waya mahali pake. Huko ni kualika moto ndani ya gari.

Madhara hayaishii kwa mwenye gari. Mwanga mkali kupita kiasi humpofusha anayekuja mbele, na macho huhitaji sekunde kadhaa kurejea hali yake. Katika muda huo, gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 kila sekunde. Barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012 baada ya kupanuliwa, ina ukuta wa kati. Njia za ndani za Kiuu hazina. Humo hupita mwanafunzi arudiye nyumbani magharibi, mama muuza mboga na kijana wa bodaboda. Hao ndio wanaolipa gharama ya wati za wenzao.

Huenda msomaji akanijibu kwamba taa za gari lake ni hafifu kweli. Namwamini. Lakini aghalabu kiini si balbu. Huwa kioo cha taa kimekuwa manjano, au taa imeelekezwa vibaya, au waya umeliwa na kutu. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, balbu ya halojeni hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Basi kuongeza wati juu ya waya mbovu ni kuzidisha joto na upotevu huohuo. Anunuaye balbu na asome kwanza aina na wati zilizochapishwa juu ya ile ya zamani au katika kitabu cha gari, anunue zizo hizo, kisha amwombe fundi asafishe kioo, akague waya na kurekebisha mwelekeo wa taa. Tena asihadaike na masanduku ya balbu za LED yanayojisifu kwa wati. Balbu ya LED ikitiwa katika taa iliyoundwa kwa halojeni yaweza kutawanya mwanga ovyo na kuwapofusha wengine, hata kama wati zake ni chache.

Walimu wenzangu, kazi hii ni yetu. Mwanafunzi hujifunza fomula ya wati darasani, kisha hutoka nje na kusikia wati zikiuzwa kama mwanga. Tumfundishe wati na lumeni pamoja, kwa Kiswahili sanifu, na tumpe mifano ya taa za magari anayoyaona kila siku. Siku mnunuzi wa Kiuu atakapouliza, "Gari hili linataka balbu gani?" badala ya "Ni za wati ngapi?", lugha itakuwa imeokoa maisha ya mtu.