Posho ya Umoja

Mji wa Arusha umezoea kuwapatanisha watu wa mbali. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini hapa Agosti 1993, na ule wa Burundi Agosti 2000. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliendesha kesi zake hapa mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Wageni walikuja, wakalala katika hoteli zetu, wakala nyama choma yetu, wakatia saini, wakaondoka. Kutokana na mazoea hayo, sisi wenyeji tumejikuta tukiamini jambo moja ambalo nathubutu kuliita upotovu: kwamba amani ni kitu kinachotengenezwa ukumbini, mezani, na watu waliovaa tai.

Upotovu huo ungekuwa kichekesho tu kama usingekuwa unakula fedha za vijana.

Hebu tufuatilie, ndugu msomaji, safari ya fedha inayotolewa ili vijana wa dini na makabila mbalimbali waishi kwa umoja. Kwanza hukatwa gharama za ofisi. Kisha hulipwa mshauri mwelekezi. Kisha hukodiwa ukumbi, pamoja na chai ya saa nne na chakula cha mchana. Linachapishwa bango, zinachapishwa fulana. Shehe hufungua kwa dua, mchungaji hufunga kwa sala. Katikati yao vijana hugawanywa katika makundi, wakapewa kalamu za rangi na karatasi kubwa ili waorodheshe changamoto. Jioni hupanga foleni kusaini karatasi ya posho. Kesho yake kijana wa Unga Limited yuko Unga Limited na wa Tengeru yuko Tengeru, na kilichobaki mkononi ni fulana. Nimehudhuria mikutano ya namna hii zaidi ya mmoja, na sijaona hata mmoja ulioacha nyuma yake daraja la miti juu ya mtaro.

Nani aliyesema kuwa vijana hawa hawafahamiani? Nenda kwenye kijiwe chochote cha bodaboda pale Ngarenaro. Utamkuta Mrangi Mwislamu, Mmeru Mlutheri, Mchaga Mkatoliki, Mwarusha ambaye baba yake bado anachunga, na Mpare ambaye nyumbani kwao kuna Wasabato na Waislamu chini ya paa moja. Wana daftari la michango. Mmoja akifiwa, wote wanachanga, na pikipiki zote zinasindikiza jeneza bila kuuliza linaelekea kaburi la upande gani. Siku ya Idi wanakula pilau kwa huyu, siku ya Krismasi kwa yule. Watu hawa hawahitaji kufundishwa uvumilivu. Neno hilo lenyewe linanikera. Jino bovu ndilo linalovumiliwa. Jirani huvumiliwi, huishi naye.

Sisemi kwamba hatari haipo. Mei 5, 2013 bomu lilirushwa Olasiti, katika uzinduzi wa parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Balozi wa Baba Mtakatifu akiwapo. Watu watatu walikufa na makumi wakajeruhiwa. Julai 2014 shehe mmoja alijeruhiwa kwa bomu nyumbani kwake usiku, na siku chache baadaye wakajeruhiwa watu waliokuwa wakila katika mkahawa wa Kihindi. Anayesema Arusha haina la kuogopa ana usahaulifu wa makusudi.

Lakini tuitazame hatari hiyo kwa macho mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wameru waligawanyika vibaya juu ya kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri. Watu waliumizana na mali zikaharibiwa, hadi Dayosisi ya Meru ilipopatikana mwaka 1992. Walikuwa kabila moja, dini moja, dhehebu moja, wakiimba nyimbo zile zile. Je, semina ya kufahamiana ingewasaidia nini? Walifahamiana mpaka majina ya mababu. Hoja ilikuwa nani aamue na nani asimamie mali ya wote. Kwa hiyo dawa ya mifarakano ni watu kuzoea kuamua pamoja na kushika fedha pamoja, mchana kweupe, kabla ugomvi haujaja. Mazoezi hayo ndiyo vijana wetu wananyimwa.

Maana wana milango miwili tu ya kubisha. Mlango wa kwanza ni wa mfadhili, na ndani yake mna semina. Mlango wa pili ni wa halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Lakini ni mikopo, na mkopo huuliza swali moja tu: mtarejeshaje? Kikundi cha kufuga kuku kina jibu. Kikundi cha vijana wa msikitini na wa kanisani wanaotaka kuzibua mtaro, kuotesha miti kando ya Mto Themi au kusawazisha uwanja wa mpira hakina. Mtaro haulipi marejesho. Mtaro hulipa kwa kutokuua mtu. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji katika korongo la Sinoni, watoto wakafa. Wakazi wa pale waliingia majini kuwatafuta, na hakuna aliyeuliza mtoto huyu ni wa dhehebu gani. Huo ndio umoja, nao ulikuja umechelewa kwa sababu kazi yake ilipaswa kufanyika kiangazi.

Najua jibu la waheshimiwa: ukiwapa vijana fedha, watazila. Jibu hilo lina uzito wake. Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa nchi nzima Aprili 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua mabilioni yasiyorejeshwa, ikarudi mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini tuulize: kikundi hewa kinaandikishwaje bila mkono wa mtu mzima mwenye mhuri? Na fedha inayoliwa ukumbini kwa stakabadhi halali, je, haikuliwa? Tofauti ni kwamba mmoja ameila bila hesabu, mwingine ameila kwa hesabu nzuri. Mtaro umebaki vile vile.

Hapa hapa chini ya Mlima Meru tuna somo la zamani. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha masetla. Hawakusubiri mfadhili. Walichanga wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, kueleza dhuluma ile. Hawakurudishiwa ardhi yao mwaka ule, lakini kila aliyetoa shilingi alikuwa na haki ya kuuliza imefanya nini. Haki hiyo ya kuuliza iliwaunganisha kuliko hotuba yoyote.

Basi nasema hivi. Halmashauri za Jiji la Arusha, Arusha na Meru ziombe, na serikali ikubali, sehemu ndogo ya fungu la vijana iwe ruzuku badala ya mkopo. Iwe kiasi kidogo, cha kununua saruji, miche, nyavu za magoli au majembe. Kikundi kiwe cha mtaa mmoja na kisiwe cha dini moja. Fedha itangazwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa, na hesabu isomwe katika mkutano huo huo, mbele ya mama wauza ndizi ambao hawadanganyiki kwa bei ya mfuko wa saruji. Nanyi wafadhili, fanyeni vivyo hivyo: peni fedha zenu mtaani, nanyi mje kukagua mtaro, msikague orodha ya mahudhurio.

Shehe na mchungaji nao waje. Dua na sala zina mahali pake, na mahali pake pazuri ni kando ya kazi iliyoanza. Wakimaliza kuomba, wapewe koleo.